Inchi Tatu

Mchagua jembe si mkulima, husema kwetu Muheza.
Basi mimi si mkulima, maana nimesimama nusu saa
mbele ya kabati la kioo, mjini Keswick,
koti likichuruza mvua juu ya zulia la watu,
nikichagua kisu.

Si cha jikoni. Cha kukunja,
cha kulala mfukoni mwa mtoto wa miaka kumi na mitano
anayepanda milima Ijumaa na wenzake wa darasa,
siku tatu, hema moja kwa watatu,
na mama yake hajaalikwa.

Mzee Braithwaite anavipanga juu ya kitambaa cha kijani.
Hiki kina makasi, kizibuo, msumeno, kibanio,
na kidude ambacho yeye mwenyewe hajui kazi yake.
Nakipima kiganjani: kizito kama deni.
Semeni atabeba na jiko, na mchele, na soksi za akiba,
na kila gramu, anasema mzee, huupanda mlima mara mbili,
kwanza kwa mgongo, halafu kwa magoti.

Hiki cheusi kinafunguka kwa dole gumba,
tak! kikajikaza, hakikunjiki tena.
Nimekipenda.
Mzee anatikisa kichwa. Sheria, mama.
Cha kutembea nacho ni inchi tatu, na kisijikaze.

Inchi tatu!
Kisu cha mama yangu kilikuwa kipande cha msumeno,
mpini wake mpira wa baiskeli uliozungushwa na kuzungushwa.
Alimenya machungwa mia mbili kwa siku, kando ya barabara,
ganda likishuka zima hadi magotini,
wala hakuna askari aliyekuja na rula.
Siku moja aliniuliza: kisu butu humkata nani?
Nikasema, hakimkati mtu.
Akanionyesha kovu.

Nikatoa chungwa kwenye mfuko wa sokoni.
Naruhusiwa?
Mzee akalitazama chungwa, akanitazama mimi,
akanivutia kigoda.

Cha kwanza, bapa nene, kikachana badala ya kumenya.
Cha pili, mpini wa plastiki, kiliteleza mkono ulipolowa,
na huko waendako hakuna mkono mkavu.
Cha tatu kilikuwa cha mti, chepesi, hakina makuu.
Kina kutu hiki, mzee akanionya, kikilala na maji.
Hata mimi, nikamjibu.
Ganda likaanza kushuka,
likashuka,
likakatika pakiwa pamebaki upana wa kidole.
Chungwa la Hispania, nikasema. Ganda lake halina subira.

Tukaligawana. Nikalipa pauni kumi na nne.
Akinifungia akasema: usimpe bure,
kisu cha bure hukata mapenzi, akulipe peni.
Nikamwambia, kwetu hukabidhiwi kisu mkononi,
huwekwa chini, mwenyewe ukaokota.
Tukatazamana
kana kwamba bibi zetu waliwahi kugombana.

Jioni nikakiweka mezani,
pembeni kichupa cha mafuta yangu ya nywele.
Semeni akakifungua kwa ukucha, taratibu, ulimi kati ya meno.
Hakijikazi?
Hakijikazi. Kwa hiyo akili iwe kwenye vidole.
Akatafuta peni chumba kizima. Watoto hawa hulipa kwa simu.
Akarudi na sarafu ya peni ishirini.
Chenji kaa nayo, mama.

Leo Ijumaa. Niko zamu ya usiku,
na mvua inayapiga madirisha ya wodi kwa ubavu.
Kila nikiinama kumgeuza mgonjwa
sarafu inasogea mfukoni mwa sare.
Huko juu labda mtu anakata kamba.
Labda jibini.
Labda bado hajakifungua.